Muulize Somo: "Nimepata E na S, nataka kusomea lishe, faundesheni itanivusha?"

Mwezi huu meseji za lishe zimekuwa nyingi kuliko za wachumba, sijui kimetokea nini huko kwenu, labda ndo wazazi wanapiga hesabu ya korosho kabla mnada haujafunguliwa. Nimechukua nne tu, nyingine zinafanana mno, mjisome humo humo.

Shikamoo Somo. Mi ni binti wa miaka 21 niko Tandahimba. Nilimaliza fomu siksi mwaka juzi, kombi PCB, matokeo yakaja Baiolojia E, Kemia S, Fizikia F. Nyumbani walikaa kimya siku tatu. Mama yangu ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, toka niko darasa la sita nilikuwa naenda nae kupima watoto, ndo maana nataka lishe na sio kingine. Rafiki yangu kaniambia kuna faundesheni, unasoma mwaka mmoja af unaingia digrii kama wenzio, mwingine anasema hiyo ni ya wababaishaji cheti chake hakitambuliki popote. Baba kasema msimu huu atanilipia ila hela ni hiyo hiyo moja, ikipotea imepotea. Na Somo, nikuambie ukweli, Kemia naiogopa.

Marahaba mwanangu. Hao waliokaa kimya siku tatu hawakukukasirikia, walikuwa wanajipanga waseme nini, na baba ameshasema, kakwambia atauza korosho akulipie. Shika hapo.

Sasa hesabu, maana wengi mnaniandikia hamjui hata pointi zenu ni ngapi. Fomu siksi A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, S ni 0.5, F haina kitu. Kuingia digrii moja kwa moja unatakiwa uwe na prinsipo mbili, yaani kuanzia E kwenda juu, na zikijumlishwa zifike pointi 4. We una prinsipo moja ya pointi 1, S sio prinsipo. Kwa hiyo mlango wa mbele umefungwa, hilo tusidanganyane. Ila faundesheni ya Chuo Kikuu Huria inataka pointi 1.5 kutoka masomo mawili, na E yako na S yako ni 1.5 kamili, umegusa mstari kwa kidole gumba. Ungekuwa na S mbili tungekuwa tunaongea mengine.

Kuhusu wababaishaji, huyo mwenzio hajakosea yote. Huria ni chuo cha serikali, kimeanzishwa kwa sheria mwaka 1992, wanafunzi wa kwanza wakaanza 1994, makao makuu yako Kinondoni Dar ila vituo viko mikoani, Mtwara kipo na Lindi kipo, huna sababu ya kupanda basi kwenda kuulizia Dar. Faundesheni yake imeandikwa kwenye mwongozo wa TCU, ile Tume ya Vyuo Vikuu, upande wa wanaoingia kwa sifa linganishi. Sasa akitokea mtu anakuuzia faundesheni ya chuo kingine, we muombe kitu kimoja tu, akuonyeshe ukurasa wa mwongozo wa TCU unaoitaja. Akianza kukuelezea habari za mjomba wake aliyeko wizarani, rudi nyumbani.

Ila mwongozo huo huo una kitu watu hawakisomi. Kumaliza faundesheni peke yake hakukuingizi digrii. Unatakiwa utoke na GPA, yaani wastani wa alama zako, ya 3.0, na angalau C kwenye masomo matatu ya mkondo wako. Ukitoka na 2.8 umefaulu ndio, utapewa na cheti, mama atakipeleka kwa fremu, lakini chuo hakikuchukui. Kwa hiyo anza ukiwa unajua unatafuta 3.0 na sio "kupita".

Na huo mkondo, jamani. Kuna kijana wa Nanyumbu namfahamu alipofika dirishani akaona mkondo wa sanaa mwepesi, akajaza, akasoma vizuri tu, GPA nzuri, af mwaka unaofuata ndo anaomba lishe. Wakamwambia kaka, lishe inataka Kemia na Baiolojia, wewe unazo wapi? Akabaki anatuangalia. We jaza sayansi, na humo ndani hakikisha Kemia na Baiolojia zipo, af kabla hujalipa fungua mwongozo wa TCU wa mwaka huu uangalie kozi yenyewe unayoitaka inasemaje kuhusu waliopita faundesheni, maana kozi kwa kozi zinatofautiana. Sokoine pale Morogoro wana digrii ya Lishe ya Binadamu, Dodoma wana ya lishe ya hospitalini, Huria wenyewe wana ya chakula na lishe ambayo unaweza kusoma huku uko Tandahimba. Soma zote tatu, andika kwenye daftari.

Nakuja kwenye Kemia sasa, maana naona ndo kidonda chenyewe. Digrii ya lishe ina kemia kuliko unavyodhani, kuna baiokemia, kuna kemia ya chakula, ukiikimbia leo utaikuta imekaa inakusubiri mwaka wa kwanza na ndo inayowapa watu sapu, wanarudia mtihani. Lakini mbona we Kemia unaijua? Bibi yako akivuna muhogo mchungu anafanyaje? Hauli siku hiyo hiyo. Anamenya, analoweka au anaanika, anaacha siku zake, ndo anapata makopa, ndo anatwanga. Ukimuuliza kwa nini atakwambia ndivyo tulivyofundishwa. Jibu la darasani ni kwamba ndani ya muhogo kuna kitu kinaitwa linamarini, na pembeni yake kuna kimeng'enya, yaani enzaimu, kinachoikata, ila kwenye muhogo mzima wanakaa vyumba tofauti hawakutani. Ukitwanga au ukiloweka kuta zinabomoka, wanakutana, linamarini inakatwa na mwisho wake inatoka sianidi, ile sumu yenyewe, ambayo ni gesi, na gesi ukiipa muda inaruka inaondoka. Ukiharakisha je? Muhogo unakauka kabla kazi haijaisha, sumu inabaki ndani ya unga.

Hii sio hadithi ya kitabuni, ni ya huku huku. Mwaka 1988 kule Masasi watu walipata sumu kwa kula unga wa muhogo ulioandaliwa haraka, wa kutwanga na kuanika juu juu, wenyewe wanauita chinyanya, na walioenda kuchunguza ni watafiti wa Taasisi ya Chakula na Lishe. Na ule ugonjwa wa konzo, mtu analala mzima anaamka miguu imekakamaa na hairudi tena, nao umeshaonekana mkoani Mtwara, na unawapata zaidi watoto na kina mama ambao chakula chao ni muhogo mchungu tu bila samaki wala dagaa wa kuusaidia mwili kuivunja hiyo sumu. Kinga yake unajua ni nini? Unga unaulowanisha na maji, unautandaza mwembamba kwenye ungo au mkeka, masaa mawili juani au masaa matano kivulini, af unasonga ugali wako jioni hiyo hiyo. Maji yanakiamsha kile kimeng'enya, kinamalizia kazi yake, gesi inatoka. Hiyo ni Kemia mwanangu, bibi anaifanya bila kuogopa, we unaogopa nini? Ukianza kusoma ile sura ya vimeng'enya weka makopa mezani.

Hela. Bodi ya Mikopo haikopeshi faundesheni, kwa hiyo mwaka huu wa kwanza bumu lisahau, ni korosho ya baba kuanzia mwanzo mpaka mtihani wa mwisho. Af malipo ya mnada yanaingia Oktoba, Novemba, saa nyingine yanachelewa AMCOS, kwenye chama cha ushirika, mpaka watu wanagombana, wakati ada haisubiri mnada. Nenda kituoni Mtwara mapema uulize tarehe za kudahili na kama ada inalipwa kwa awamu, wala usimwache baba alipe yote siku ya kwanza af mwezi wa pili huna hela ya bando na vitabu viko onlaini. Unalipa kwa kontroo namba, sio mkononi kwa mtu hata kama kavaa tai.

Njia nyingine ipo, sikufichi. Unaweza kurudia mtihani wa fomu siksi kama mtahiniwa wa kujitegemea, ukasukuma Baiolojia na Kemia zifike D mbili, hizo ni pointi 4, ukaingia mlango wa mbele. Ni bei nafuu kuliko faundesheni. Ubaya wake unakaa peke yako nyumbani na mtihani ni mmoja tu, mwezi wa tano, ukiamka na malaria siku hiyo basi tena. Kwa unavyoandika naona we ni mtu wa kusoma ukiwa na ratiba na mtu wa kumuuliza, mi ningeenda faundesheni. Ila kama unadhani faundesheni itakuepusha na Kemia, bora urudie mtihani tu, utaumia mapema na kwa hela kidogo.

Habari za kazi Somo. Mi ni mzazi kutoka Newala. Binti yangu kamaliza fomu foo, kapata divisheni three, sayansi ana C ya Baiolojia na D ya Kemia. Kuna kijana alipita kijijini kipindi cha mnada akatuandikisha faundesheni ya lishe, alisema baada ya mwaka mmoja anaingia digrii bila kupita fomu faivu. Tumempa laki na nusu ya fomu, simu yake sasa haipatikani. Je niendelee kumtafuta? Na swali la pili usinicheke, hivi lishe si kupika? Mpaka digrii?

Salama mzee wangu, pole sana. Hiyo laki na nusu nenda nayo polisi ukiwa na namba ya simu aliyoitumia na meseji za muamala, usizifute, ila moyoni ihesabu kama imeliwa na nyani.

Fomu foo haiingii faundesheni. Yule kijana kawauzia kitu ambacho hakipo. Anayeingia ni aliyefika fomu siksi akapata ile 1.5 niliyomwambia binti wa Tandahimba hapo juu, au mwenye cheti cha NTA level 5, ngazi moja chini ya diploma, au diploma ambayo GPA yake imefika angalau 2.0. Binti yako bado ana njia mbili nzuri na zote za halali. Akipangiwa fomu faivu aende, tena akibahatika kombi ya CBN, Kemia, Baiolojia na Lishe, atakuwa ameshaanza safari yenyewe. Asipopangiwa aangalie mwongozo wa NACTVET, lile baraza la vyuo vya ufundi, kozi za afya ngazi ya cheti na diploma, C ya Baiolojia na D ya Kemia sio haba, af baada ya diploma yenye GPA ya 3.0 anaomba digrii moja kwa moja, faundesheni haitaki hata kuijua.

Swali la pili sikucheki, wanaume wengi wa huku wanalo kichwani ila wewe umeliuliza. Ngoja nikupeleke kliniki moja ya Mikindani asubuhi niliyokaa na afisa lishe, dada mdogo tu, mkononi ana utepe wa plastiki mwembamba kama wa fundi cherehani, una rangi tatu. Mama anamleta mtoto, dada anamvisha utepe kwenye mkono wa kushoto juu ya kiwiko, anavuta taratibu, anasoma. Kijani ni sentimita 12.5 kwenda juu, njano ni kati ya 11.5 na 12.5, nyekundu ni chini ya 11.5. Ukitaka kujua 11.5 ni nini kachukue uzi ufunge duara la kipimo hicho, ndo utaelewa mkono huo unafananaje. Mtoto wa tatu akasoma nyekundu. Hakuwa analia, mama anasema ndo tabia yake, mpole. Dada kamminya mguu juu ya wayo kwa kidole gumba, akaacha, shimo likabaki.

Sasa mzee, mtu asiyejua atasema mpe mtoto ale ashibe. Ukimlisha vile ghafla unaweza kumuua, mwili wake umeshazoea kujibana, moyo na figo havihimili. Wodini anaanzishiwa maziwa maalumu yanaitwa F-75, kidogo kidogo kila baada ya masaa machache usiku na mchana, mililita 100 ina kalori 75, mpaka atulie ndo anahamishiwa F-100. Nani anapiga hesabu ya kiasi kwa uzito wa mtoto? Ndo huyo mnayesema kasomea kupika.

Na sio kwamba nyumbani kwao hakukuwa na chakula. Mama anauza dagaa, ana mbaazi, ana kuku wanne wanaotaga. Mayai yanauzwa, dagaa wanauzwa, mtoto anakunywa uji wa muhogo mtupu asubuhi na jioni kwa sababu uji ndo chakula cha mtoto, ndivyo alivyokuta. Utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa, na kudumaa huko hakuonekani kwa macho, mtoto anacheza tu, mnasema mfupi kama babu yake. Halmashauri zimewekewa maafisa lishe, wakuu wa mikoa wanasainishwa mkataba wa lishe. Binti yako akisoma hii kitu hatakosa la kufanya Newala.

Somo mambo. Mi ni muuguzi niko Lindi, nina cheti cha NTA level 5, miaka 33, watoto wawili. Nataka digrii ya lishe bila kuacha kazi. Nipite faundesheni au nimalizie diploma kwanza?

Poa mdogo wangu. Faundesheni unaruhusiwa, level 5 inakuingiza. Lakini mi ningekushauri tofauti na yule wa Tandahimba. We uko kazini, ukimalizia diploma ya uuguzi hiyo ina thamani kazini kwako hata kama digrii ikichelewa, unapanda ngazi, na ukiipata kwa GPA ya 3.0 inakuombea digrii. Cheti cha faundesheni kinafungua mlango wa chuo tu, mwajiri wako hakimuhusu.

Isipokuwa kama diploma inakudai uache kazi ukakae bweni mwaka mzima na mwajiri hataki kukupa ruhusa, hapo Huria inakufaa, unasoma usiku, mitihani unafanyia kituoni Lindi. Ila ujipime kweli, zamu ya usiku, watoto wawili na Kemia ni watu wanne ndani ya nyumba moja. Na kitu kingine, Bodi ya Mikopo huwa inaangalia umri, mwisho ni miaka 35, na wewe 33 ukianza na mwaka wa faundesheni piga hesabu mwenyewe.

Somo vipi, mi ni mshkaji wa Shangani, Mtwara mjini. Kuna ofisi ya wakala Dar wananiambia niende Uingereza, lishe na faundesheni ndani yake, miaka minne natoka na digrii nabaki huko huko kazi nje nje. Nina Div III ya fomu siksi. Mjomba yuko tayari kuuza kiwanja. Niende?

Mwambie mjomba kiwanja akae nacho kwanza, kipande cha Shangani kikishauzwa hakirudi.

Kitu chenyewe ni cha kweli, sio utapeli. Uingereza vyuo vingi vina digrii ya miaka mitatu inayotanguliwa na mwaka wa faundesheni, jumla minne, wanachukua ambao matokeo hayakutosha. Ila huyo wakala kakuruka vitu. Cha kwanza, kwa mwanafunzi wa nje ada ni kubwa kuliko ya mwenyeji, na mkopo wa serikali yao hupati. Juu ya ada, viza inataka uonyeshe benki hela ya kujikimu, zaidi ya pauni 1,000 kwa kila mwezi kwa miezi hadi tisa, imekaa pale siku zake, sio ya kuazima jioni ukarudisha asubuhi. Cha pili, utafanya mtihani wa Kiingereza. Cha tatu, faundesheni ya chuo kimoja mara nyingi inakupeleka kwenye digrii ya chuo hicho hicho tu, ukikichukia umekwama.

Cha nne ndo kikubwa na hakuna wakala anayekitaja. Kule kuna watu wawili tofauti. Kuna mtaalamu wa lishe wa hospitali, dayatishani, hilo jina linalindwa na sheria, hulitumii mpaka uwe kwenye rejista ya HCPC, baraza lao linalosajili watu wa afya, na lazima usome digrii iliyoidhinishwa kwa kazi hiyo. Na kuna nyutrishanisti, ambalo halilindwi, yeyote anaweza kujiita, kwa hiyo wenye shule zao wanajisajili kwa hiari kwenye rejista ya Association for Nutrition ili watofautiane na wauza vidonge vya kupunguza tumbo. Ukisoma digrii ya lishe ya kawaida ukadhani utavaa koti jeupe hospitali ya London, utashangaa. Rudi kwa wakala umuulize maswali mawili kwa maandishi, hii digrii imeidhinishwa na nani kati ya hao wawili, na nikishindwa faundesheni ada yangu inarudi kiasi gani. Usimuulize kwa simu, kwa simu watakujibu vizuri sana.

Na siku ukirudi Tanzania cheti chako kitapelekwa TCU kitambuliwe kabla hujaomba kazi serikalini, kwa hiyo hata chuo chenyewe kihakiki kabla ya kulipa. Hiyo Div III yako hujaniambia ni masomo gani na pointi ngapi. Kama ndani yake una D mbili za Baiolojia na Kemia, mbona Morogoro unaenda bila faundesheni yoyote na mjomba anabaki na kiwanja chake? Nitumie matokeo kamili nikuangalizie.